Juisi ya aloe vera na jeli ya aloe vera: tazama jani lilivyotumika, usitazame jina la chupa

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nina bidhaa tatu za aloe vera: chupa iliyoandikwa juisi, chupa nyingine iliyoandikwa jeli ya kunywa, na tyubu ya jeli ya kupaka. Juisi ni nyepesi kama maji na haina ladha ya kueleweka, jeli ya kunywa ni nzito. Rafiki yangu anasema ile nyepesi imechakachuliwa, na kwamba aloe vera halisi lazima iwe chungu. Tofauti ya vitu hivi ni nini hasa? Ile ya tyubu naweza kuinywa, maana imeandikwa asilimia 99 aloe vera? Na juisi naweza kuipaka nikiungua na jua? Nyumbani tunao mmea wenyewe, au tukate jani tu tuachane na chupa? Mama yangu ana kisukari, anatumia dawa, naye anataka kuanza kunywa kwa sababu tumbo linamsumbua.

Jibu: Marahaba, binti yangu. Mambo mawili hayawezi kusubiri, kwa hiyo nayatanguliza. Kilichomo kwenye tyubu usikinywe, hata kama lebo ingesema asilimia 100. Na mama asianze kunywa chochote mpaka umesoma sehemu ninayomzungumzia yeye. Mengine tutayachukua taratibu, kwa sababu umeuliza maswali matano na kila moja linahitaji jibu lake.

Nikiwa mfamasia, maneno ya rafiki yako nimeyasikia kwa watu wengi: nyepesi ni feki, chungu ndiyo dawa. Simlaumu, kwani dawa nyingi kweli ni chungu. Lakini kwa mmea huu, imani hiyo inaweza kumfanya mtu aitupe chupa nzuri na kuishikilia ile ya kumdhuru. Ili uelewe kwa nini, inabidi tulipasue jani kwanza.

Chukua jani la chini la mshubiri, nene, lililokomaa. Likate pale linapoungana na shina, kisha lisimamishe ndani ya bakuli, upande uliokatwa ukiwa chini. Muda si mrefu utaona utomvu wa njano unachuruzika, na ukikaa hewani unabadilika kuwa kahawia. Harufu yake ni kali, na tone moja kwenye ncha ya ulimi linatosha kukuonyesha kwa nini tunasema chungu kama shubiri. Utomvu huo hautoki katikati ya jani. Unatoka kwenye mirija myembamba iliyopangwa chini tu ya ganda la kijani. Sasa lilaze jani, kata miiba ya pembeni, menya ganda. Utakuta mnofu unaopitisha mwanga, wenye ute unaoteleza kama wa yai bichi. Mnofu huu hauna rangi, na ladha yake ni ndogo sana, ya majani mabichi yenye uchachu wa mbali.

Kwa hiyo jani moja limebeba vitu viwili vilivyo tofauti kabisa, na kati yake pana unene wa milimita chache tu. Mnofu wa ndani ni maji kwa takriban asilimia 99. Katika kile kidogo kinachobaki, sehemu kubwa ni sukari zilizoungana katika minyororo mirefu, na ile inayotambulisha aloe vera inaitwa asemanani. Ndiyo inayoupa ute ule utelezi wake. Utomvu wa njano, kwa upande wake, umejaa kemikali za kundi la antrakwinoni, na kinara wao ni aloini. Uchungu unatoka kwa aloini. Mnofu peke yake hauna uchungu wa kuzungumziwa.

Aloini hufanya nini mwilini? Inapita tumboni na kwenye utumbo mwembamba bila kubadilika sana, inafika utumbo mpana, na huko bakteria wanaigeuza kuwa kitu kinachouchokoza ukuta wa utumbo. Utumbo unajikaza na kumwaga maji. Matokeo yake mtu anaharisha, mara nyingi tumbo likisokota. Ndiyo maana utomvu huo ulitumika miaka mingi kama dawa ya kufungua choo. Nchini Marekani dawa za namna hiyo ziliuzwa bila cheti cha daktari hadi mwaka 2002, mamlaka ya dawa ya huko, FDA, ilipoziondoa kwa sababu watengenezaji hawakuleta ushahidi wa kutosha kwamba ni salama. Mtu anayeharisha kila siku hupoteza maji na madini ya potasiamu, na potasiamu ikishuka sana moyo huanza kwenda mrama. Gramu 1 ya utomvu huo kwa siku, kwa siku kadhaa mfululizo, inaweza kuharibu figo na hata kuua. Wapo wanaofurahi wakiharisha baada ya kunywa aloe vera, wakiamini kwamba taka zinatoka mwilini. Kinachotoka ni maji na chumvi ambazo mwili ulikuwa unazihitaji.

Sasa turudi kwenye chupa zako. Kiwandani, jani hupita njia moja kati ya mbili.

Njia ya kwanza ni ya mnofu peke yake. Jani linaoshwa, linakatwa ncha na kingo, linamenywa kwa mkono au kwa mashine, mnofu unasuuzwa ili utomvu uliogusa utoke, kisha unasagwa na kuchujwa. Njia ya pili ni ya jani zima: ganda, utomvu na mnofu vinasagwa pamoja, mara nyingi kwa msaada wa vimeng'enya vinavyolainisha nyuzinyuzi, halafu uji huo unapitishwa kwenye mkaa maalumu wa kuchujia, ambao unanasa rangi ya njano na aloini pamoja nayo. Ukichujwa vizuri hivyo, kinachobaki ni kimiminika cheupe, kisicho na uchungu. Kwenye lebo za Kiingereza njia ya kwanza huandikwa "inner leaf", ya pili "whole leaf".

Hatari iko kwenye jani zima ambalo halikupitishwa kwenye mkaa. Taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza sumu, National Toxicology Program, iliwapa panya maji ya kunywa yenye dondoo ya aina hiyo kwa miaka miwili, na panya hao wakaota uvimbe kwenye utumbo mpana, mwingine ukiwa wa saratani. Kwa kutegemea ushahidi huo, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, IARC, liliiweka dondoo ya jani zima la aloe vera katika kundi la 2B, yaani kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu. Niseme wazi hapa, maana habari hii husambazwa vibaya: panya si watu, na kundi la 2B halina maana kwamba kila anayekunywa ataugua. Utafiti ule pia haukuhusu mnofu uliomenywa wala jani zima lililochujwa kwa mkaa. Lakini kwangu mimi unatosha kabisa kumkataza mtu kununua chupa chungu kwa sababu tu ni chungu. Baraza la kimataifa la wazalishaji wa aloe vera, International Aloe Science Council, limeweka kikomo kwa bidhaa za kunywa: aloini isizidi sehemu 10 katika kila sehemu milioni, sawa na takriban miligramu 10 kwa lita. Kwa kiwango hicho ulimi wako hautalalamika.

Juisi yako isiyo na ladha ya kueleweka, kwa hiyo, imefaulu mtihani wa kwanza.

Na wepesi wake je? Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa, kwa sababu wameushika ute wa jani bichi kwa mikono yao, wanajua ulivyo mzito, na wanatarajia chupa iwe vilevile. Ila ute huo ukishatolewa kwenye jani haudumu. Vimeng'enya vya mmea wenyewe, bakteria na joto vinaikatakata ile minyororo mirefu ya sukari, na mnofu uliosagwa huanza kuwa majimaji ndani ya saa chache. Jaribu wewe mwenyewe: saga kipande cha mnofu, kiache kwenye glasi, kitazame kesho yake. Watengenezaji wanapambana na hali hii kwa kuharakisha kazi, kupasha moto kwa sekunde chache kisha kupoza, na kuongeza vitamini C na asidi ya sitriki. Hata wakifanya vizuri, kinachoingia kwenye chupa ni kimiminika chepesi, labda chenye vipande vidogo vya nyama ya jani.

Basi jeli ya kunywa iliyokaa miezi mingi kwenye rafu ikiwa bado nzito, uzito huo mara nyingi umeongezwa. Geuza chupa usome viambato. Uwezekano ni mkubwa utakuta gundi ya zanthani, gundi ya guwari au karajinani. Hivi ni viungo vya kawaida vya vyakula, havina kosa, na mtu anayependa kunywa kitu kizito ana haki yake. Ninachotaka ukijue ni kwamba chupa yako ya juisi na ile ya jeli ya kunywa zinaweza kuwa zimejazwa kimiminika kilekile, kutoka pipa lilelile, moja ikaongezwa gundi na nyingine ikaachwa. Wako watengenezaji wanaoita jeli ule mnofu wa ndani na kuita juisi ile ya jani zima. Wengine wanaita juisi kile walichokiongeza maji na sukari. Jina la mbele ya chupa ni chaguo la muuzaji, na majina haya hayatumiki kwa maana moja kila mahali.

Ndiyo maana nakuomba uhamie nyuma ya chupa.

Viambato vya vyakula na vinywaji huandikwa kwa kufuata uzito, kilichomo kwa wingi kikitangulia. Ukikuta maji ni ya kwanza na aloe vera inakuja baadaye, hasa baada ya sukari, una kinywaji chenye ladha ya aloe vera mkononi. Ukikuta aloe vera ni ya kwanza, endelea kusoma: imeandikwa mnofu wa ndani au jani zima? Kama ni jani zima, wameeleza kwamba imechujwa na kuondolewa aloini? Kama hakuna neno lolote kuhusu aloini wala kuhusu sehemu ya jani iliyotumika, mimi siinunui. Vihifadhi kama sorbati ya potasiamu na benzoati ya sodiamu visikutishe. Mnofu wa aloe vera ni maji yenye sukari ya mmea, bakteria na kuvu wanaupenda sana, na chupa isiyo na kihifadhi inabidi iwe imefungwa kwa usafi wa hali ya juu na imalizwe siku chache baada ya kufunguliwa.

Halafu kuna suala la unga. Mnofu ukikaushwa, sehemu 200 za kimiminika hutoa takriban sehemu 1 ya unga, na viwanda vingi hununua unga huo na kuurudishia maji. Gramu 1 ya unga na gramu 199 za maji, unapata aloe vera yenye nguvu ya kawaida. Hakuna udanganyifu hapo ikiwa unga ni mzuri na vipimo vimefuatwa. Udanganyifu wenyewe uko kwingine: unga wa aloe vera ni ghali, na maltodekstrini, ambayo ni unga wa wanga usio na rangi wala harufu, ni rahisi. Mtu anachanganya kidogo cha kwanza na kingi cha pili, na kwa macho huwezi kutofautisha. Mwaka 2016 shirika la habari la Bloomberg lilipeleka maabara jeli za kupaka kutoka maduka manne makubwa ya Marekani, zote zikiwa na aloe vera kwenye orodha ya viambato. Katika tatu kati ya hizo maabara haikuona alama za kikemia za mmea huo, ikiwemo asemanani, ila iliona maltodekstrini. Huko ndiko kuchakachua, na kama unavyoona hakuhusiani na wepesi. Jeli hizo zilikuwa nzito na nzuri kwa kuzitazama.

Nije sasa kwenye tyubu.

Soma orodha yake ya viambato. Vipodozi navyo huandikwa kwa kufuata wingi, isipokuwa vile visivyofika asilimia 1, ambavyo mtengenezaji anaweza kuvipanga anavyotaka. Mara nyingi utaona "Aloe Barbadensis Leaf Juice" mwanzoni kabisa. Naam, juisi, ndani ya tyubu iliyoandikwa jeli, kwa sababu malighafi ni ileile. Baada yake utakuta kaboma, unga wa kutengenezwa kiwandani unaofyonza maji na kuyageuza kuwa jeli inayosimama, pamoja na kitu cha kuondoa asidi yake, mara nyingi trietanolamini. Kisha kihifadhi kama fenoksietanoli, manukato, na rangi ikiwa jeli ni ya kijani. Mnofu wa jani hauna rangi hiyo, kwa hiyo ukijani wa tyubu umetiwa. Jeli nyingine zina spiriti nyingi, ndiyo maana ukipaka unasikia ubaridi na inakauka haraka, na ngozi iliyoungua inawaka moto. Zile za kutuliza kuungua na jua huweza kuwa na lidokaini, ambayo ni dawa ya ganzi. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichowekwa kwa hesabu ya mtu atakayekimeza. Lidokaini ikimezwa kwa wingi, hasa na mtoto, inaweza kuleta degedege na kuvuruga mapigo ya moyo.

Na hiyo asilimia 99? Inahesabu kimiminika cha aloe vera pamoja na maji yake yote, na kimiminika hicho kinaweza kuwa kimetokana na unga uliorudishiwa maji. Asilimia 1 iliyobaki ndiyo yenye kaboma, manukato na vihifadhi, na hiyo inatosha kukifanya kitu kisiwe cha kunywa. Bidhaa ya kupaka haipimwi kwa masharti ya chakula, wala kwa kikomo cha aloini nilichokutajia.

Upande wa pili wa swali lako, kupaka juisi ya kunywa, hauna hatari kubwa, ila sioni faida yake. Juisi inateleza na kuanguka kabla haijakaa, asidi ya sitriki inawasha ngozi iliyochubuka, na kama ina sukari utabaki unanata. Chupa iliyofunguliwa siku nyingi huenda ina vijidudu ambavyo tumbo lingevimudu, lakini kidonda kibichi hakitavimudu. Tumia jeli ya kupaka, isiyo na spiriti na isiyo na manukato, na kabla ya kuipaka mahali pakubwa jaribu kidogo kwenye ngozi ya ndani ya mkono, uangalie hadi kesho yake, kwa kuwa wapo watu ambao ngozi zao hupata vipele kwa mmea huu.

Ukiungua, iwe kwa jua au kwa moto, cha kwanza ni maji ya bomba ya baridi ya kawaida, dakika 20 hivi, bila barafu. Jeli inafuata baadaye, na ni kwa kuungua kwa juu tu: ngozi imekuwa nyekundu, inauma, labda na lengelenge dogo ambalo halijapasuka. Kuna ushahidi wa kiasi fulani kwa hili. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2007 uliunganisha majaribio manne yenye wagonjwa 371 na kuona kwamba majeraha ya moto yaliyopakwa aloe vera yalipona takriban siku 9 mapema kuliko yale mengine. Watafiti wenyewe walionya kwamba bidhaa zilizotumika hazikufanana, nami naupokea ushahidi huo kwa tahadhari hiyohiyo. Lakini usije ukachukulia kwamba kila kidonda kinataka aloe vera. Mwaka 1991 kulichapishwa utafiti wa wanawake waliokuwa na vidonda vya upasuaji vilivyofumuka na kuachwa wazi vipone kuanzia ndani. Waliohudumiwa kwa njia ya kawaida walipona kwa wastani wa siku 53, waliowekewa jeli ya aloe vera walichukua siku 83. Walikuwa wachache, wanawake 21 tu, ila tofauti ya mwezi mzima si ya kupuuzwa. Kidonda kirefu, kidonda cha upasuaji, kuungua kulikofanya ngozi iwe nyeupe au nyeusi, kuungua usoni au sehemu za siri, hivyo vyote ni vya hospitali.

Kuhusu jani la nyumbani, jibu langu ni ndiyo kwa kupaka, na kwa kunywa nasita. Kuna zaidi ya aina 500 za mishubiri duniani, nyingine zinafanana sana kwa macho, na si zote zinazofaa kuliwa. Kwanza lazima uwe na uhakika kwamba wako ni aloe vera kweli. Halafu unarudi kwenye ule utomvu: kiwanda kizuri kinapima aloini kilichobaki, wewe una macho na ulimi tu. Kwa kupaka, lisimamishe jani kama nilivyoeleza, robo saa au zaidi, mpaka njano iache kutoka. Lioshe, menya, osha mnofu tena mpaka usione hata mstari wa njano, kisha paka mara moja. Kilichobaki kikae kwenye friji, na baada ya siku chache kitupe. Usikichanganye na vitu vingine ukidhani unakiongezea nguvu, hasa kama unakusudia kukipaka usoni.

Sasa mama.

Tumbo linalomsumbua ni neno pana. Kama ni kuvimbiwa, kiungulia au choo kigumu, kuna dawa zilizopimwa vizuri kuliko aloe vera, na kama linauma kwa wiki kadhaa, anapungua uzito au anaona damu kwenye choo, anahitaji kuchunguzwa kabla ya kunywa chupa yoyote. Ushahidi wa faida ya kunywa aloe vera ni mdogo, nakupa mifano miwili. Mwaka 2004 madaktari wa Uingereza waliwapa wagonjwa wenye vidonda vya utumbo mpana jeli ya aloe vera, mililita 100 mara mbili kwa siku kwa wiki 4. Kati ya 30 walioinywa, 9 walitulia kabisa. Kati ya 14 waliopewa kinywaji cha kulinganishia, alitulia 1. Matokeo ya kutia moyo, kwa watu wachache. Miaka miwili baadaye, Uingereza hukohuko, wagonjwa 58 wenye tumbo lenye kujaa, kuuma na choo kisichotabirika walijaribiwa kwa njia hiyohiyo, na waliokunywa aloe vera hawakupata nafuu iliyowazidi wenzao. Mtu akikuambia aloe vera inatibu kila ugonjwa wa tumbo, hajasoma majaribio haya.

Kisukari ndicho kinachonifanya nikuombe asubiri. Katika majaribio kadhaa madogo, kunywa aloe vera kulishusha sukari ya asubuhi kabla ya kula. Inasikika kama habari njema, na kwa mtu asiyetumia dawa pengine ni njema. Ila mama tayari ana dawa inayoshusha sukari. Vikiungana viwili, sukari inaweza kushuka kupita kiasi: jasho jembamba, kutetemeka, njaa ya ghafla, maneno kuchanganyika. Na ikiwa chupa ni ile yenye sukari nyingi, mambo yatakwenda kinyume, sukari ipande. Vyovyote itakavyokuwa, vipimo vyake havitamwambia tena daktari ukweli kuhusu dawa anayotumia.

Muulize pia kuhusu dawa nyingine anazotumia. Akiwa anameza digoksini kwa ajili ya moyo, dawa za kupunguza maji mwilini, au dawa za kuzuia damu isigande, aloe vera yenye aloini inamweka hatarini zaidi kwa sababu ya ile potasiamu inayopotea na jinsi kuharisha kunavyovuruga dawa mwilini. Mwenye ugonjwa wa figo asiinywe kabisa. Mjamzito na anayenyonyesha vilevile wasiinywe, na mtoto mdogo asipewe. Anayetarajia upasuaji aache wiki mbili kabla. Kumeripotiwa pia watu waliopata homa ya ini baada ya kunywa bidhaa za aloe vera kwa wiki au miezi, wakapona walipoacha. Ni wachache, lakini macho yakianza kuwa ya njano au mkojo ukikolea rangi, chupa iwekwe kando siku hiyohiyo na mtu aende hospitali.

Kama baada ya haya mama bado anataka, achukue ile chupa ya juisi, ikiwa lebo inasema ni ya mnofu wa ndani au imeondolewa aloini na haina sukari ya kuongezwa, aende nayo kliniki anakotibiwa kisukari. Aende na chupa yenyewe, asiende na jina lake tu, ili daktari asome viambato. Wakikubaliana ajaribu, aanze na kiasi kidogo, mililita 30 hadi 50 kwa siku, apime sukari mara nyingi zaidi katika wiki mbili za mwanzo na aandike kila kipimo pamoja na kiasi alichokunywa. Akianza kuharisha, aache.

Ile jeli ya kunywa nzito nayo kagua lebo yake kwa njia hiyohiyo kabla wewe mwenyewe hujaigusa, na tyubu iweke mbali na chupa za kunywa, hasa kama kuna watoto nyumbani.